Sura ya Sita: Kilichobaki Baada ya Miaka 24

Kaskazi ya mwaka 1331 ilimleta pwani yetu mwanachuoni kijana kutoka Tangier, Moroko. Alikuwa ameondoka kwao mwaka 1325, akiwa na umri wa miaka 21, kwa nia ya kwenda kuhiji, na tangu hapo hakuwa amerudi nyumbani. Jina lake Ibn Battuta. Alikaa Mogadishu kwa muda, akaendelea kusini, akalala usiku mmoja Mombasa, akafika Kilwa. Kusi ilipoanza kuvuma, akapanda chombo kilichomrudisha kaskazini hadi Dhofar. Baadaye aliziona India, Maldivi, China na Mali. Mwaka 1355, mjini Fez, kwa amri ya Sultani Abu Inan, alikaa na mwandishi aitwaye Ibn Juzayy, akamsimulia safari zake, na huyo akaziandika. Sehemu ya maandishi yake mwenyewe ilikuwa imepotea zamani, alipoporwa na maharamia katika bahari ya India. Kwa hiyo habari za pwani yetu yaelekea alizitoa kichwani kwa sehemu kubwa, miaka 24 baada ya kupita hapa.

Mimi huzisoma kurasa hizo nikiwa na swali moja: baada ya miaka 24, kipi kilikuwa bado hai ndani ya mtu aliyeona mengi kiasi kile?

Chakula, kwanza. Alikumbuka wali wa samli wa Mogadishu uliopakuliwa katika sahani kubwa ya mti, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Alikumbuka ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na pembeni maziwa ya mgando, ndimu za achari, pilipili zilizolowekwa katika siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Alikumbuka jinsi vyombo vilivyopokelewa bandarini: vijana walivifuata kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akamwendea mfanyabiashara mmojawapo na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara hakufikia kwingine ila nyumbani kwa kijana huyo, na mwenyeji ndiye aliyemsaidia kuuza na kununua.

Mombasa alilala usiku mmoja tu, na bado tunayo kutoka kwake picha ambayo mpita njia mwingine angeikosa kwa mwezi mzima. Misikiti ilikuwa ya mbao, imejengwa vizuri. Mlangoni palikuwa na kisima kifupi, na kata ya mti yenye mpini mwembamba wa urefu wa dhiraa moja. Watu walitembea pekupeku. Aliyetaka kuingia aliosha miguu, akaifuta kwenye kipande cha mkeka mnene kilichowekwa mlangoni, ndipo akaingia. Mkeka wa kufutia miguu! Karibu miaka 700 imepita, na kwa sababu mtu mmoja aliangalia chini wakati anaingia kuswali, sisi tunajua mkeka ule ulikuwa mnene.

Kilwa aliisifu kuwa mmoja wa miji mizuri aliyowahi kuiona, na akamkumbuka sultani wake, Abu al-Muzaffar Hasan, ambaye watu walimpa jina la Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Anasimulia kwamba fukara mmoja kutoka Yemen alimsimamisha sultani njiani, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Mwanawe akaenda kuzikomboa nguo zile kwa watumwa kumi, na sultani aliposikia jinsi watu walivyolisifu jambo lile, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Msomaji wa leo hawezi kulipita neno hilo kimyakimya. Ukarimu ulioimbwa mjini ulilipwa kwa watu, watu waliotekwa bara na ambao majina yao hakuna aliyeyauliza. Msafiri aliona nguo, akaona pembe, akaona sifa. Kumbukumbu ya safari huchagua, na uchaguzi wake una dhambi zake.

Tena huchanganya. Ibn Battuta anasema Kilwa ilijengwa kwa mbao na kuezekwa kwa matete, ilhali Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulikuwa tayari umesimama wakati ule, kuta zake za mawe ya matumbawe, na magofu yake tunayaona hadi leo katika kisiwa ambacho UNESCO ilikiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Watafiti wamelijadili sana jambo hilo. Mimi nalichukua hivi: majengo yalimponyoka, watu hawakumponyoka. Alichokishika kwa usahihi ni namna alivyopokelewa, alichokula, na vile watu walivyofanya kwa mikono na miguu yao.

Hayo ndiyo ninayotaka kuyasema katika sura hii. Furaha ya safari inayodumu haitokani na wingi wa mahali ulipopita. Hutokana na watu uliowaruhusu wakupokee, na hukomaa pale unapomsimulia mtu mwingine aliyekaa kukusikiliza.

Wazee wetu wa pwani walisaidiwa na upepo. Kuanzia kama Desemba hadi Machi kaskazi huvuma kuja huku kutoka Arabuni na India. Kuanzia Aprili au Mei kusi hugeuza njia. Aliyekuja na kaskazi hakuwa na namna ya kurudi kwao mpaka pepo zigeuke, na aliyechelewa kusi alisubiri mwaka mwingine. Kusubiri huko kulimlazimisha mgeni awe zaidi ya mgeni. Alipanga chumba, akajua ni nani anauza samaki wazuri, akaugua akauguzwa, akahudhuria harusi na maziko ya watu asiowajua mwaka jana. Wengine wakaoa. Wengine hawakurudi tena. Miji ya Lamu, Mombasa, Zanzibar na Kilwa ililelewa na subira hiyo ya miezi.

Siku hizi tunakwenda Zanzibar kwa siku tatu. Asubuhi Mji Mkongwe, mchana shamba la viungo, jioni kobe wa Changuu; kesho yake Jozani kuwaona kima punju, kisha Nungwi kuogelea; keshokutwa boti ya kurudi Dar es Salaam. Sisemi kwamba ni vibaya. Mtu aliyebana matumizi mwaka mzima ili watoto wake wakaione bahari ana haki ya kuikimbilia anavyotaka. Lakini nimewasikiliza wengi waliorudi kutoka safari za namna hiyo, na baada ya miezi michache hawana la kusimulia zaidi ya orodha. Waulize habari ya kobe, watakuambia walikuwa wakubwa.

Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Si wengi wanaoweza kuzitumia zote safarini, wala si lazima. Ila mwenye siku saba na miji mitano katika ratiba yake, namshauri afute minne. Akae Pangani tu, au Kilwa Masoko, au Ujiji. Siku ya kwanza ataona kila kitu na hataelewa kitu. Siku ya tatu muuza chapati atamwuliza mbona jana hukuja. Hapo ndipo safari inapoanza.

Watafiti wa nchi nyingine wamelichunguza suala hili kwa njia yao, na baadhi ya waliyoyapata yanafaa kujulikana. Mwaka 2010 Jeroen Nawijn na wenzake walichapisha uchunguzi wa Waholanzi 1,530, baadhi yao wakiwa wamekwenda likizo na wengine wamebaki nyumbani. Waliotarajia kusafiri walikuwa na furaha zaidi kabla ya kuondoka. Waliporudi, wengi wao hawakuwa na furaha kuwazidi waliobaki. Waliojipambanua ni wale tu walioieleza likizo yao kuwa ya utulivu mkubwa, na kwao pia nyongeza hiyo ilififia ndani ya wiki chache.

Habari hiyo huwakatisha tamaa wengi. Mimi sioni sababu. Kwanza inatuonyesha kwamba siku za kungoja safari ni sehemu ya safari. Mtoto anayeambiwa Juni kwamba Desemba atakwenda Moshi kwa bibi amepewa miezi sita ya furaha, na anayefichiwa mpaka usiku wa kuamkia safari amenyimwa. Pili, uchunguzi ule ulipima hali ya moyo ya siku kwa siku. Haukupima kile kinachomfanya mzee wa miaka 80 acheke peke yake anapokumbuka jahazi lililomwagikiwa tende.

Uchunguzi mwingine uko karibu zaidi na hilo. Mwaka 1997 Terence Mitchell, Leigh Thompson na wenzao walieleza jinsi walivyowafuatilia watu katika safari, ikiwemo ya baiskeli ya wiki tatu huko California, wakiwauliza kabla, njiani na baadaye. Njiani watu walilalamika: mvua, uchovu, matumaini yaliyokwenda kombo. Siku chache baada ya kurudi, malalamiko yalikuwa yamepungua na safari imekuwa nzuri kuliko ilivyokuwa. Nani asiyelijua hili? Basi lililokwama kwenye matope usiku kucha ndilo linalosimuliwa kila sikukuu. Lililofika kwa wakati hakuna anayelitaja. Waliokwama pamoja walisukuma pamoja, wakagawana maji, wakajua nani ana watoto wangapi. Shida iliwapa kile ambacho upepo wa kusi uliwapa mabaharia: muda usio na pa kwenda.

Na kuna suala la picha. Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, aliwapitisha wanafunzi katika jumba la makumbusho, akawaagiza vitu vingine wavitazame tu na vingine wavipige picha. Kesho yake vile walivyovipiga picha wakavikumbuka vibaya zaidi kuliko vile walivyovitazama. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014. Lakini humo humo kuna jambo linalotajwa mara chache: waliosogeza kamera karibu, wakapiga sehemu moja tu ya kitu, kumbukumbu zao hazikudhoofika, hata kwa sehemu ambazo hazikuwamo kwenye picha. Aliyelazimika kuchagua alilazimika kutazama. Kwa hiyo simwambii mtu aache simu nyumbani. Namwambia asogee. Badala ya picha 40 za msikiti wa Kilwa, apige moja ya jiwe la tumbawe ukutani, ambamo bado unaona vishimo vya viumbe vilivyokuwa hai baharini. Jiwe hilo litamrudishia msikiti wote.

Nakuja sasa kwenye safari ninayoipenda kuliko zote katika nchi hii, ile ya kwenda Kigoma kwa treni ya Reli ya Kati, reli iliyofika ukingoni mwa Ziwa Tanganyika mwaka 1914. Sina ugomvi na mwendo kasi. Treni ya umeme iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024 imewapunguzia watu mateso ya kweli, na ninapokuwa na kazi Dodoma napanda hiyo. Ila treni ya zamani ya kwenda Kigoma ni kijiji kinachotembea. Kufika Morogoro watu wamekwisha kuamkiana. Kufika Tabora, kwenye asali na maembe, wamekwisha kuitana shemeji.

Katika behewa la daraja la tatu nilikaa mkabala na mama mmoja mtu mzima, mfanyabiashara, mwenye vifurushi vya vitenge hadi chini ya miguu ya abiria wengine.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Unashukia wapi?”

“Kigoma.”

“Kwa nani?”

Nikamwambia sina ndugu huko, nakwenda kutembea. Alinitazama kwa huruma kidogo, akafungua bakuli la viazi na samaki, akaniambia nile. Tangu hapo nikawa na mtu Kigoma. Alinifundisha jinsi ya kununua dagaa: waliokaushwa chini huja na mchanga na humsumbua mpishi, waliokaushwa kwenye vichanja ni safi na bei yao ni juu. Alinieleza kwamba wavuvi hutoka usiku na taa, dagaa wakaifuata nuru, na mwezi unapokuwa mpevu wavuvi hupumzika kwa sababu dagaa hawaoni tena haja ya kuifuata taa. Alinieleza mawese yanavyokamuliwa, na rangi ya kuepuka sokoni.

Nilipofika nikakaa ufukweni jioni. Giza lilipoingia, taa zilianza kujipanga ziwani, moja, tano, nyingi, mpaka upande wa Kongo ukawa kama umepata mji mpya. Mgeni mwenzangu aliyekuwa karibu alisema zinapendeza. Zilipendeza kweli. Lakini mimi nilijua ni taa za nani, zinatafuta nini, na kwamba baada ya siku kadhaa, mwezi ukijaa, hazitakuwapo. Furaha yangu usiku ule ilikuwa kubwa kwa sababu ya bakuli la viazi.

Kujua huongeza kuona. Meli ya Liemba, kwa mfano. Asiyejua habari zake ataona meli kuukuu yenye kutu. Anayejua anatazama chombo kilichojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, kikafunguliwa vipande vipande, kikatiwa katika masanduku kama 5,000, kikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa treni hadi Kigoma. Kilishushwa majini mwaka 1915, vita vikiwa vimepamba moto. Julai 1916 Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma, mafundi walizipaka mashine grisi nzito na kuizamisha meli wenyewe, ili siku moja iweze kufufuliwa. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi ilishuka na kupanda ziwa lile lenye urefu wa kilomita zaidi ya 650, kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia. Gati zilikuwa chache. Kwingine ilisimama mbali na ufuko, mashua zikaizunguka usiku, abiria wakapandishwa kwa mikono, na mananasi, dagaa, kuku na magodoro vikapitishwa juu ya vichwa huku kila mtu akipiga kelele. Katika miaka ya karibuni ilisimama kwa ajili ya ukarabati, na wenyeji wa vijiji vya mwambao wakabaki kuingoja.

Meli hiyo hiyo, mwaka 2015, iliwachukua maelfu ya Warundi waliokuwa wamekimbilia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya ziwa na milima mpakani, ikawapeleka Kigoma. Mwaka 1997 ilikuwa imewarudisha kwao wakimbizi wa Kongo. Sitaki sura hii isomwe kana kwamba kila aendaye hufurahi. Eneo letu hili lina watu wengi waliosafiri kwa sababu nyumba ilichomwa, na mandhari ileile inayomfurahisha mtalii kwao ni mahali walipompoteza mtoto. Tunaosafiri kwa hiari tuna neema ambayo hatukuifanyia kazi. Anayeikumbuka neema hiyo huwa mpole zaidi kwa kondakta, kwa mchukuzi na kwa mhudumu wa gesti, na watu wapole hupokewa mahali ambapo wengine huuziwa tu.

Limebaki lile la kusimulia, na ndilo ninaloliona tumelipoteza zaidi.

Mwaka 1901 huko Göttingen, Ujerumani, Carl Velten alichapisha kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Waliomo ndani yake ni watu wa pwani wakieleza kwa Kiswahili walivyoenda na walichokiona. Selemani bin Mwenye Chande anaeleza safari yake ya bara. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye baadaye alifundisha Kiswahili Berlin, anaeleza alivyokwenda Udoe. Na Salim bin Abakari anaeleza safari ya mwaka 1896, alipofuatana na Mjerumani Bumiller kupitia Urusi hadi Siberia. Alikwenda kama mtumishi wa mtu mwingine. Ratiba haikuwa yake, wala fedha, wala uamuzi wa lini warudi. Lakini macho yalikuwa yake, na Kiswahili kilikuwa chake, na leo karibu hakuna anayesoma habari za safari ile kwa ajili ya Bumiller.

Kitabu kile kilizaliwa katika utawala wa kikoloni, chini ya mkono wa Mjerumani aliyekusanya na kuhariri. Hilo ni la kukumbukwa wakati wa kukisoma. Hata hivyo kinatuonyesha kwamba msafiri wa Kiswahili wa wakati ule alijua kusimulia: alitaja jina la mahali, idadi ya siku za njia, walichokula, walichotozwa na watawala wa njiani, tabia za wenyeji, na nani alikufa. Alijifunza wapi? Barazani. Mtu aliyerudi kutoka Tabora au Unguja alidaiwa habari kama alivyodaiwa zawadi. Alikaa, akaletewa kahawa, akaulizwa maswali, na akikosea mahali kulikuwa na mzee aliyewahi kupita njia ileile wa kumsahihisha. Alipofika mara ya tatu kuisimulia, safari ilikuwa imepata mwanzo na mwisho, na yeye mwenyewe alikuwa ameielewa.

Sisi tunarudi, tunaweka picha kwenye simu, tunapokea vidole gumba, basi. Hakuna aliyetuuliza swali. Ninaamini hiyo ndiyo sababu mojawapo ya furaha zetu za safari kufifia upesi kama zilivyofifia za wale Waholanzi: hatukupata mtu wa kukaa nazo. Masimulizi humlazimisha msimuliaji kupima. Unapomwambia mama yako habari za Kilwa unalazimika kuamua ni kipi alichokosa kwa kutokuwapo, na kumbe hicho ndicho ulichokipata wewe kwa kuwapo.

Kwa hiyo ninayo mambo machache ninayowaomba wasafiri. Usiku kabla ya kulala andika mistari michache: bei ya samaki, jina la mtu aliyekuonyesha njia, harufu ya kituo, neno ambalo hukulielewa. Usiandike kwamba palikuwa pazuri. Ukirudi, peleka zawadi, na kaa mpaka uulizwe. Mpigie simu yule wa kwenye treni siku ya sikukuu. Undugu wa safari huishi kwa salamu, na usiposalimiwa hufa ndani ya mwaka.

Na kama huna nauli kwa sasa, kuna safari nyingi zimekaa ndani ya nyumba yenu bila msikilizaji. Yupo mjomba aliyefanya kazi reli au bandari katika nchi jirani kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977. Yupo shangazi aliyeolewa akavuka ziwa na nguo alizovaa. Yupo jirani aliyeendesha lori mpaka Lubumbashi miaka 20, na watu wa mtaani wanajua tu kwamba ni mzee mkimya. Wengi wao hawajawahi kuulizwa, na umri hauwangoji. Nenda wiki hii. Mwamkie, mnunulie kahawa, chukua daftari, mwulize alitoka mwaka gani, alipita njia ipi, alilala kwa nani, alikula nini. Akianza kusimulia usimkatize, na kabla hujaaga mwulize jina la mwenyeji wake, kisha liandike.